Hodi ya Nne Hupigwa kwa Jirani

Jumatano, tarehe saba mwezi wa tano. Mvua ya mwaka imeanza kabla ya alfajiri, na hadi saa hizi, saa nne za asubuhi, haijapumua. Hapa Mishomoroni mabati yangu yanapiga kelele hata redio nimeiongeza mpaka mwisho, na bado namsikia msoma habari kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi.

Nimestaafu Ijumaa iliyopita. Zena, ambaye sasa ndiye mwenye darasa letu la wahudumu, aliniletea daftari jipya siku ile ile, akaniambia niandike niliyoyaona kazini ili wanafunzi wake wapate kusoma. Nikamwambia mimi shule niliishia darasa la sita, na mwandiko wangu ni wa kuku. Akasema, "Kuku naye huandika, Bi Misi, ndiyo sababu kila mtu ajua alikopita." Yuwaja leo kuchukua kurasa nilizomaliza. Sijamaliza hata moja, na hii ndiyo ya kwanza.

Vyeo sitaandika, maana vilikuwa vichache na havikubadilisha kazi. Mshahara pia siuandiki, ulikuja, ukaliwa. Nataka kuandika siku ya kwanza, watu walionifundisha, na mlango mmoja wa Utange ambao sikuufungua. Mlango huo ndio chanzo cha lile somo ambalo watu husema ni langu, na ndio uliokaribia kumtoa Zena darasani, pengine na duniani, kabla hajawa mwalimu. Nitauandika kama ulivyokuwa. Nikijipendelea mahali mnisamehe.

Kabla ya kazi hii nilikuwa nauza mahamri na mbaazi kibarazani kwangu. Kituo cha kuwasaidia wanaotaka kuacha unga wa kulevya kilipofunguliwa Kisauni, walitafuta wanawake wa mtaani wanaojulikana. Mimi nilijulikana. Nadhani walinichagua kwa sababu ya mahamri, kwani sikumbuki kuulizwa jambo jingine.

Siku ya kwanza nilipewa mkoba. Ndani mlikuwa na glavu, pamba, chupa ya maji, kopo gumu la kutilia sindano zilizotumika, daftari, na kalamu iliyofungwa uzi kama mbuzi ili isipotee. Ilipotea siku hiyo hiyo. Tukapelekwa maskani moja nyuma ya nyumba isiyokwisha kujengwa. Walikuwa wameketi watu kama wanane, na mimi nikasimama mbele yao nimeukumbatia mkoba kifuani, nikiwatazama. Niliogopa, na zaidi ya kuogopa nilikuwa nimezoea kuwaita mateja nikiwa kwangu, na sasa sikujua niwaite nani.

Mmoja wao, jina lake Mbwana, midomo imeungua kwa moshi, akanitazama akasema, "Mama, hata salamu hatustahili?"

Niliona haya ambayo mpaka leo nikiyakumbuka masikio hupata moto. Mimi humsalimu hata mtu niliyegombana naye. Nikatoa salamu, wakaitikia wote, hata yule aliyekuwa amelala. Kwa hiyo somo langu la kwanza sikupewa na kituo. Nilipewa na Mbwana, na hakuna cheti alichopata kwa kunifundisha.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Sista Nyambura, muuguzi, mtu wa bara, mfupi, mwepesi wa miguu na wa hasira. Kwa umri alikuwa mdogo kwangu, ila mimi ndimi niliyekuwa nikimwogopa. Alitufundisha mtu aliyezidisha unga anavyotambuliwa. "Usiangalie uso," alikuwa akisema. "Uso unadanganya, unaweza kuwa kama wa mtu amelala tu vizuri. Angalia kifua. Kwanza kifua, halafu ndio uso." Alitulaza sakafuni mmoja mmoja tukahesabiana pumzi. Alitufundisha kumwita mtu kwa jina lake kwa sauti, kumsugua katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole, kumlaza ubavu, na namna ya kutumia ile dawa ya kuamsha. Mimi nilikuwa mzito wa kushika. Alinirudisha sakafuni mara nyingi hata kanga zangu za kazini zote zilikuwa na alama ya vumbi mgongoni.

Halafu kulikuwa na dirisha. Waliokuwa wakitumia methadoni, dawa ya kuwatoa kwenye unga, walikuja kila siku, wakainywa pale pale mbele ya muuguzi, wakashushia maji, kisha ilikuwa lazima waseme neno ili tujue dawa imeshuka haikubaki mdomoni. Nyambura alikuwa akiuliza, "Jina?" Mtu anajibu, anapita. Mimi niliona kama kituo cha polisi. Nilipowekwa nisimame naye, nikaanza kuuliza, "Jana usiku umekula nini?" Mtu mwenye dawa chini ya ulimi hawezi kusema wali wa nazi na samaki wa kupaka mpaka mwisho. Na pia ndivyo nilivyojua nani hakula.

Wengine walinidanganya. Alikuwapo mmoja ambaye kila siku alikula pilau. Wiki tatu, pilau. Siku moja akaja akasema, "Chai kavu, mama," na mimi nikajua ameanza kupona. Nyambura alilalamika kwamba nachelewesha foleni. Baada ya miezi nikamsikia yeye mwenyewe anauliza watu wamekula nini. Hakusema kwamba ni swali langu. Na pengine si langu. Huenda kuna muuguzi mahali pengine aliyelianza zamani.

Tuligombana jambo moja tu kubwa, nalo ni hodi. Kazi yetu nusu ilikuwa ya kutembelea nyumba. Nyambura alikuwa akipiga hodi huku mkono umeshasukuma mlango. Kwao labda haina neno, sijui, sijaishi kwao. Siku moja Magogoni akasukuma mlango mama mmoja akiwa anasuka nywele, kichwa wazi. Mume akatutoa kwa maneno ambayo sitayaandika, na habari ikatembea mtaani kutushinda sisi. Miezi mitatu hakuna mlango tuliofunguliwa Magogoni.

Nikamweleza Nyambura nilivyolelewa. Hodi ni tatu. Ya kwanza wasikie, ya pili wajisitiri, ya tatu waamue. Usipojibiwa, unaondoka, na hununi. Alinisikiliza, jambo lisilokuwa kawaida yake. Tangu siku ile hodi tatu ikawa kanuni ya kituo, na mimi ndimi niliyewafundisha wengine, kifua mbele. Naomba mliweke hilo akilini. Kanuni ilikuwa yangu.

Sasa mlango.

Faraji alikuwa fundi cherehani, Utange, kijana mpole wa miaka kama thelathini. Alikuwa na miezi saba dirishani bila kukosa. Akakosa siku moja, akakosa ya pili. Nikaenda kumwangalia peke yangu, kwa kuwa Nyambura alikuwa mkutanoni. Ilikuwa asubuhi, saa tatu hivi. Nyumba yenyewe ni ya vyumba vya kupanga, ukumbi katikati, na chake kilikuwa cha mwisho karibu na uani. Pazia lilikuwa limeshuka na mlango umerudishwa. Ndala zake zilikuwa nje. Redio ilikuwa inaimba taarabu ndani.

Nikapiga hodi, nikangoja. Nikapiga ya pili. Ya tatu nikasema na jina langu. Redio ikaendelea. Nikafikiri: yumo, ameteleza akarudia unga, anaona haya, hataki nimwone, na ni haki yake. Nikaandika daftarini, "Yumo, hayuko tayari." Nikaondoka. Na nitawaambia ukweli, njiani nilijisifu. Nilijiona mtu mwenye adabu anayemwachia mwenziwe heshima yake.

Kesho yake mwenye nyumba ndiye aliyefungua.

Nyambura alikuja kwangu kuniambia. Alinikalisha kwanza. Nikamwuliza kama Faraji alikuwa hai wakati napiga hodi. Angeweza kunidanganya kwa wema, na wengi wangefanya hivyo. Akasema, "Sijui, Misi. Na wewe hutajua. Usinidai jibu ambalo sina." Nimemheshimu kwa maneno hayo kuliko kwa mengine yote aliyonifundisha.

Siku ya hitima nilikwenda kwa mama yake, Bi Mwanajuma, huko huko Magogoni. Nikamwambia kwamba nilikuwa mlangoni. Mkononi alikuwa na tasbihi, na hakuinua macho.

"Ulipiga hodi?"

"Nilipiga, mamangu."

"Ngapi?"

"Tatu."

"Basi hukukosa adabu," akasema, na akanisogezea kikombe cha kahawa.

Afadhali angenipiga kofi. Nikainywa kahawa yote, maana kuiacha ingekuwa kumwongezea uchungu.

Sikurudi kazini. Nikarudi kibarazani kukaanga mahamri, na nadhani ilikuwa wiki mbili. Mbwana, yule wa siku ya kwanza, alikuwa ameshaanza kunywa dawa dirishani wakati huo. Akaja akanunua mahamri mawili, akauma moja, akalitazama. "Yamekuwa magumu haya," akasema. "Rudi kazini, mama, huku unatuua wote." Hakucheka, na mimi sikucheka, lakini kesho yake nilirudi. Msinielewe kwamba nilikuwa nimepona. Nilirudi kwa kuwa mahamri kweli yalikuwa magumu.

Nilirudi na swali, na nililipeleka kwa Maalim Bakari, mwenye chuo cha Kurani karibu nasi. Nikamwuliza: nikibisha mara tatu, nami najua ndani pengine kuna mtu anakufa, naweza kufungua? Alikataa hapo hapo. Alisema, "Leo utaingia wewe na dawa. Kesho ataingia mwizi na mkoba kama wako, na atasema Bi Mwanamisi ndivyo afanyavyo." Nilikasirika, lakini nilipokwisha kukasirika niliona kwamba ana haki. Nyambura alikuwa ameshatuonyesha Magogoni mlango uliosukumwa unavyofungia milango mingine.

Aliyefumbua fundo ni mkewe, Bi Fatuma, aliyekuwa nyuma ya pazia akichambua mchele na, kwa dhahiri, akisikiliza kila neno. Akasema, "Na sisi majirani kazi yetu nini? Kuombana chumvi?" Maalim akageuka kulitazama pazia. Kisha akasema, polepole, jirani ana haki ambayo mgeni hana.

Hivyo ndivyo ilivyopatikana hodi ya nne. Tatu zinapigwa kwa mwenyewe. Ya nne inapigwa kwa jirani. Unamsalimu jirani, unamwambia wewe ni nani na una shaka gani, bila kutoa siri ya mtu zaidi ya inayohitajika. Jirani anatangulia, anamwita mwenyewe kwa jina analomwita siku zote, na yeye ndiye anayefungua. Wewe unaingia nyuma yake, na mnatoka pamoja. Huingii peke yako hata kama mlango uko wazi. Nyambura aliyaandika kwenye karatasi za mafunzo siku ile ile, kwa herufi kubwa.

Kwa hiyo wazo ni la Bi Fatuma. Watu wamenisifu kwa ajili yake kwenye sherehe, na kila mara nimesimama kuwasahihisha, ila mara moja ambapo mgeni wa heshima alikuwa na haraka na kanga nilikuwa nimeshavishwa.

Milango tuliyofungua kwa namna hiyo sijui ni mingapi. Kuna mzee wa Mishomoroni ambaye kumbe alikuwa kiziwi tu, akatutupia kiatu mimi na jirani yake. Kuna mama wa Magogoni tuliyemkuta midomo imekuwa rangi ya zambarau, kifua kinapanda mara moja mpaka unadhani hakitapanda tena. Mwanafunzi wangu ndiye aliyempa dawa, bila kukosea hatua. Yule mama alipozinduka alishikwa na arosto pale pale, mwili unamuuma, jasho linamtoka, akatutukana mimi na mwanafunzi na jirani na vizazi vyetu. Sijawahi kutukanwa nikafurahi vile. Mnapofanya kazi hii msingoje asante. Anayetukana anapumua.

Darasa likaendelea, kundi baada ya kundi. Nyambura akahamishwa kwenda bara, na mimi, wa darasa la sita, nikaachiwa kufundisha watu wenye vyeti vya kidato cha nne. Nusu yao siku zote walikuwa watu waliopita dirishani wenyewe. Hao ndio waliokuwa wepesi kuliko wote, maana somo la salamu hawakuhitaji.

Katika somo la nne nilikuwa nikiwahadithia mlango wa Utange. Sikutaja jina la Faraji. Nilisema nilikuwa mimi.

Zena alikuja kwenye kundi moja akiwa amemaliza mwaka dirishani. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwepesi wa kujibu hata asipoulizwa. Siku ya kuandikishwa nilikuwa nikimsaidia kujaza fomu. Jina la mama: Mwanajuma. Anakaa wapi: Magogoni. Kalamu yangu ikaanza kwenda polepole. Ndugu?

"Nilikuwa naye mmoja," akasema. "Faraji. Alikuwa fundi cherehani. Alikufa."

Hakuwepo hitimani. Baadaye ndipo nilipojua kwamba tangu mlango ule ulipofunguliwa alikuwa ametoroka, hakuna aliyejua alipo. Nilijaza fomu mpaka mwisho na kumpa kitambulisho cha darasa. Wiki nzima sikulala vizuri. Somo la nne lilikuwa linakuja. Nilifikiri kuliruka. Nilifikiri kulifundisha bila kisa. Nilijiambia ni kwa ajili yake, kwamba mtu wa mwaka mmoja bado ni mchanga, jambo kama hili laweza kumrudisha kwenye unga. Na lilikuwa kweli. Lakini kwa haki niseme pia kwamba nilikuwa naogopa, na sikuweza kutenganisha ipi huruma na ipi woga.

Mwishowe nikamwalika kwangu, nikampikia chai ya tangawizi, nikamwambia yote: siku mbili za kukosa dirisha, ndala, pazia, hodi tatu, nilichoandika daftarini. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Redio ilikuwa inaimba?"

"Ilikuwa."

Akainuka, akachukua mkoba wake, akatoka. Hakuaga. Kwetu mtu akitoka bila kuaga umejua kuna neno.

Kesho yake hakuja darasani. Kesho kutwa hakuja. Siku ya tatu niliambiwa kwamba hata dirishani hakufika. Niliona kwamba nimewaua wote wawili, kaka kwa kunyamaza na dada kwa kusema.

Nikaenda Magogoni saa nane ya mchana, jua kali. Mama yake alikuwa amekwenda kwa dada yake Likoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikapiga hodi ya kwanza. Kimya. Ya pili. Ya tatu nikasema jina langu, na sauti yangu niliisikia ni ile ile ya Utange. Kimya. Sikumbuki nilisimama pale muda gani. Najua niliutazama mlango ule, nikataka kuusukuma kwa bega, na nikataka pia kukimbia. Kisha miguu ikageuka yenyewe, ikaenda nyumba ya pili, nikapiga hodi.

Aliyefungua ni Zena.

Macho yalikuwa mekundu kwa kulia, lakini yalikuwa yake. Nyuma yake mama wa nyumba ile alikuwa ameketi na kitana mkononi, alikuwa akimsuka. Zena alikuwa amekimbilia huko tangu mama yake aliposafiri, kwa sababu aliogopa kuwa peke yake ndani na mawazo aliyokuwa nayo.

"Nilikuwa nahesabu," akaniambia. "Ukuta ni mwembamba. Ilipokwisha ya tatu nikasikia viatu vyako vyaondoka, na sikujua vyaenda wapi."

Akanivuta ndani, akanikalisha mkekani, na hapo akanieleza jambo ambalo lilikuwa limemtoa kwangu bila kuaga. Siku ile ya Utange yeye alikuwa chumba cha pili. Alikuwa akikaa kwa rafiki yake katika nyumba ile ile, ukuta mmoja na kaka yake.

"Redio niliisikia, Bi Misi. Asubuhi nzima niliisikia. Nilikereka nayo tu. Nilikuwa nimelala na unga wangu. Hata ungenipigia mimi hodi ya nne, nani angeitika?" Akafuta pua kwa ncha ya leso. "Miaka yote najiambia mimi ndiye niliyekuwa karibu. Kumbe na wewe wajiambia hivyo hivyo. Ilinitia hasira. Kama vile umeniibia."

Yule mama msusi alikuwa ametulia na kitana chake, hajifanyi kwamba hasikii. Kisha Zena akasema, kwa sauti yake ya darasani, "Basi nne haitoshi. Weka na ya tano. Jirani naye aweza kuwa amelala."

Nikacheka. Sikukusudia. Yeye naye akacheka huku analia, na msusi akasema kichwa kitulie, nywele zitakwenda kombo. Nikawaharakisha kwa sababu dirisha lilikuwa linafungwa saa tisa na nusu. Tukafika Zena akiwa nusu kasukwa nusu hajasukwa. Akanywa dawa, akashushia maji. Muuguzi wa zamu akamwuliza, "Jana usiku umekula nini?"

"Sijala," akasema Zena.

Nikampeleka kwangu akala.

Somo la nne sikulifundisha mimi mwaka ule. Alilifundisha Zena, naye bado mwanafunzi. Mimi niliketi nyuma karibu na mtungi wa maji. Alieleza mlango kutoka pande zote mbili, wangu wa nje na wake wa ukutani, na alitaja jina la kaka yake. Kabla ya hapo alikuwa amekwenda kumwomba ruhusa mama yake, na Bi Mwanajuma alisema mtajeni, ni jina zuri. Na hodi ya tano imo kwenye karatasi za mafunzo mpaka leo: jirani asipoitika, nenda kwa wa pili, usirudi nyumbani ukaandika kitu daftarini.

Nimejiuliza sana kama ningefaa kuitwa mwalimu. Sijui. Lakini waliotoka katika darasa lile wako Likoni, wako Changamwe, wako huko Utange kwenyewe, na mimi nikipita nawaona na mikoba yao, wanasalimu kwanza. Hilo naliona kwa macho yangu na halihitaji cheti. Najivunia. Nimeliandika mara moja, silirudii.

Nilikuwa nimefika hapa, nami natafuta neno jingine la kumalizia, ndipo mlango wangu ulipofunguka kwa kishindo. Akaingia Mama Kadzo, jirani yangu, mwiko mkononi, analiita jina langu kama ng'ombe amepotea. Nyuma yake Zena, amelowa mpaka kwenye nyusi, mkoba umeshafunguliwa.

Mimi niliketi pale pale, miwani puani, kalamu mkononi, redio inapiga kelele na mvua inaishinda.

Nilimwona Zena. Alinitazama kifua kwanza. Kisha ndio uso.

"Hodi tatu, Bi Misi," akasema, na akaketi sakafuni.

"Ni mvua, mwanangu. Na redio."

"Redio," akasema.

Mama Kadzo alitutazama mmoja baada ya mwingine, akasema kama hakuna maiti hapa yeye alikuwa ameacha chungu jikoni. Nikainuka nikazima redio. Zena aliketi pale akapumua, kisha akanyoosha mkono akadai kurasa. Nilimpa, akazisoma zote pale pale huku maji yakimtiririka daftarini, ndiyo sababu mtaona wino umetapakaa mahali. Nilimwuliza kama kuna la kufuta. Akasema hakuna, ila pale nilipoandika kwamba yeye ni mwembamba, nitie kwamba ilikuwa zamani.

Mvua imekata magharibi. Chungu cha Mama Kadzo tumekihamishia kwangu: muhogo wa nazi, na mimi nikaongeza papa wa kuchoma na pilipili ya ndimu. Tumekula watatu, sinia moja. Mama Kadzo ameongezwa mara mbili, akasema hodi ya nne ina ujira wake.